Mji Ambao Siku Hazipiti

Mdogo wangu alibeba mizigo ya abiria stesheni ya Tabora mpaka kifua kilipomkatalia. Tangu utotoni alitunga hadithi moja tu. Mpagazi wa msafara wa pembe za ndovu anafika Tura, anakunywa maji ya kisima asichokijua, anajikuta kwenye mji ambao siku hazipiti. Watawala wa huko hawazeeki, kwa sababu wanakula siku za watu. Mpagazi akiomba ruhusa ya kwenda kwao wanamjibu, "Subiri, leo bado haijaisha." Mara nyingine anatoroka hadi langoni, anachungulia: nje miaka imepita, misafara imekwisha, reli imelazwa. Walinzi humrudisha kwa viboko.

"Atatoka lini?" tulikuwa tukimuuliza, nyumbani kwetu Cheyo.

"Nikijua nitawaambia."

Alipougua asiweze kuinuka tena kitandani, aliandika mwisho wa hadithi hiyo kwenye daftari la shule. Akanipa mimi, dada yake.

"Soma, dada, uniambie kama ni kweli."

Nilikuwa nafua mashuka yake kila siku na harufu yake ilikuwa imenichosha. Nikaliweka daftari juu ya kabati. Akiniuliza, nasema kesho. Siku ya sita nikasema nimesoma.

"Mpagazi ametoka?"

"Ametoka."

"Hukusoma," akasema, akageukia ukutani. Hakunisemesha tena. Alikufa Ijumaa asubuhi, nikiwa nachemsha uji.

Baada ya maziko, watani wetu Wazaramo walikuja kufanya kazi yao. Tangu enzi za misafara, wao na sisi Wanyamwezi tunataniana hata msibani, na mtani hakasirikiwi. Mmoja wao, mama mnene wa sokoni, alitoka ndani na kofia ya marehemu kichwani na daftari mkononi. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya puani.

"Jamani, huyu alisafiri miaka mia, lakini kwenda msalani mpaka ashikwe mkono!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Akachuchumaa kando ya mafiga ya pilau, akalinyoosha daftari juu ya moto.

"Nani anakomboa? Sitaki kikubwa, kikombe cha kahawa tu. Wewe dada mtu, si ndugu yako huyu?"

Kahawa ilikuwa mkononi mwangu, bado ya moto. Desturi naijua: ningempa, angenirudishia daftari, tungecheka. Lakini likirudi, ningelazimika kulisoma.

Nikainywa kahawa.

"Wanyamwezi wachoyo nyie!" akasema, akaliachia.

Kurasa zilijikunja mojamoja. Mwandiko wake ulilalia kushoto. Pilau ikaiva, tukala.

Watoto wa mdogo wangu wananiuliza mpaka leo kama mpagazi alitoka. Nawaambia wasubiri, nitawasimulia kesho.