Marehemu Alikuja Mwenyewe Kutoa Ruhusa

Cheka kwanza, umalize, ndipo nikuhadithie. Jambo hili lilinipata mimi, mchana kweupe, hapa hapa Bujumbura, nikiwa na akili zangu timamu na sahani ya wali mbele yangu. Sikuota, na wala sikuwa na homa.

Miaka ile ya vita nilikuwa nikilinda depo. Si depo ya bia, jamani, ingawa wapo waliopanda ngazi zetu kule Mutanga Sud wakiulizia kreti. Depo yetu ilikuwa kompyuta moja kuukuu iliyohifadhi programu za watu wa mji mzima. Mwenye kutengeneza programu anaipakia kwetu, na mashine za wengine zinaichukua kwa njia ya simu. Kazi yangu ilikuwa kuamua nani ana ruhusa ya kupakia na kila programu iitwe jina gani. Herufi ndogo tu, kistari penye nafasi, bila yale madoido ya Kifaransa juu ya herufi. Na sheria iliyozipita zote ni kwamba jina ni la mwenyewe. Mwingine haligusi mpaka mwenyewe ampe ruhusa kwa maneno yake ya siri, na bila hayo mashine za watu zinaikataa programu. Waliniita mkorofi. Sawa, lakini kwa mkorofi huyu hakuna aliyewahi kuibiwa jina.

Mtu pekee aliyeniweza alikuwa Yusufu, mtoto wa wenye duka la vitambaa kule Buyenzi, mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alitengeneza programu ya zahanati: muuguzi anaandika uzito wa mtoto, programu inampa kipimo cha dawa. Akaiita dawa-mutoto. Nikamwambia Kiswahili sanifu ni mtoto, akapakia dawa-mtoto huku akinung'unika. Kilichofuata? Zahanati zote zilitafuta dawa-mutoto, kama tunavyosema huku, zisione kitu! Ilibidi nimpe jina lake, na akanitania kwa hilo mpaka homa ilipomchukua, wakati barabara zimefungwa na hospitali haifikiki. Nilimlilia sana Yusufu, sikufichi.

Miezi ikapita. Zahanati zikaanza kuletewa kompyuta mpya, ile ya Cibitoke ikiwa ya kwanza. Sasa, wauguzi wetu wamesomea Kifaransa, kwa hiyo kilo mbili na nusu wanaandika 2,5, kwa mkato. Mashine za zamani zilielewa. Hizi mpya zikauruka mkato, zikasoma ishirini na tano. Muuguzi mmoja wa Cibitoke alikiona kipimo cha kichanga, akashtuka, akaiweka sindano chini. Na je, asingeshtuka?

Zuhura, mdogo wake Yusufu, ambaye kazi hii alifundishwa na kaka yake, akaketi akaisahihisha programu. Akaja kuipakia. Ikakataliwa. Jina lilikuwa la marehemu, na maneno ya siri alikwenda nayo kaburini.

"Kaka, si we ndiye chef, mukubwa wa depo?" akaniambia. "Fungua tu."

"Dada yangu, hata mimi mashine za zahanati haziniamini. Zinamwamini yeye peke yake."

"Na yeye hayuko. Sasa hao batoto tufanye aje?"

Kuzunguka zahanati moja moja kubadilisha kwa mkono kulikuwa ndoto, na vizuizi vile vya askari kila kona. Zuhura akaondoka, mtandio machoni.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Feni ikasimama, mashine zote zikawa giza, wenzangu wakaenda kula. Nikabaki peke yangu na wali wangu na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nikasikia mtu ameketi nyuma yangu.

"We mutu, bado unasumbua batu na majina?"

Sikuinua hata kichwa. Sauti niliijua, na hasira zangu za zamani zikapanda. "Mtoto ni mtoto," nikasema. "Nenda kaulize shule yoyote."

"Shule gani? Mama yako akikuita anasema mtoto? Apana! Basi we ulizaliwa na kamusi."

Nikamjibu, akanijibu, nikamrudishia. Niamini, tulibishana vizuri tu, mpaka nikacheka wali ukanipalia. Na ni katika kukohoa ndipo nilipokumbuka kwamba huyu mtu nilimfukia udongo kwa mikono yangu.

Nikageuka polepole. Ni yeye. Nikamwangalia miguuni kama ana kwato, maana wazee wametuambia. Hana, ana vidole vyake na kandambili zake. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, na kwa hofu nikakosea katikati. Akanisahihisha! Niambie wewe, jini gani atakusahihishia Ayatul Kursiy?

Akaivuta kompyuta ya depo. Umeme haupo, lakini kioo kikawaka.

"Jina la Zuhura tunaandika aje, kwa sheria zako?"

"Herufi ndogo," nikasema.

"Hata mudogo wangu?"

"Hata wewe."

Kile kicheko chake! Akaandika, akamaliza, akainuka. "Umwambie ule mukato mi nilisahau. Yeye ameuona. Nimefurahi sana, ndugu yangu." Akashuka ngazi taratibu, na kioo kikazimika. Nikakigusa kiti. Kilikuwa baridi kama mtungi.

Umeme uliporudi alasiri nikamwita Zuhura. Akajaribu tena kupakia. Ikakubali mara moja, na penye wenye ruhusa pakasomeka yusufu, na zuhura. Sikuweza kumficha, nikamweleza yote.

Akavuta kiti, akaketi. "Alikuwa aje?"

"Amezidi kunenepa."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Kabla jua halijazama Cibitoke wakapiga simu: wameandika 2,5 na mashine imesoma mbili na nusu, na yule kichanga ameshapata dawa yake.

Tangu siku hiyo depo yetu haipokei jina lenye mwenyewe mmoja. Lazima wawe wawili, na wote wawili hai. Wapya wanalalamika, nami nawaacha walalamike. Lakini wewe unayenisikiliza, uliyeshika funguo ambazo watu wanazihitaji, mfundishe mtu leo, ungali na ulimi. Mimi nimeshampa Zuhura maneno yangu ya siri, nikamkaririsha mpaka akayashika. Nikifa, nataka nilale. Sitaki kuitwa kazini.