Bega Nililolificha Kisimani

Nilikosea, na nilikosea nikijua. Msinitafutie sababu. Nimezunguka sana katika maisha yangu, nimelala miji mingi, na huko kote sikufanya baya kama nililolifanya nyumbani.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa upande wa Garbatulla. Nilipomaliza sekondari niliondoka, na sikutulia popote: Moyale, Kitale, Malindi. Mwaka juzi hamu ya nyumbani ikanishinda. Nikarudi, nikapata kazi ya ulinzi katika hoteli moja mjini Isiolo. Hoteli hiyo ina bwawa la kuogelea.

Maji niliyapenda tangu utotoni. Kaka yangu Galgalo ndiye aliyenifundisha kuelea, tulipopeleka ng'ombe mto Ewaso Nyiro. Alinishika tumbo akaniambia nisiogope mamba, niogope mama akijua. Siku zile!

Basi nikitoka zamu niliruhusiwa kuogelea. Mtindo wa kawaida niliujua. Nilitaka ule wa kipepeo, ambao mikono yote miwili huruka juu ya maji kwa pamoja. Jamani, unapendeza! Lakini mimi nilifika nusu ya bwawa nikazama kama gunia.

Mwalimu wa pale, mwanamke wa Kimeru asiyeficha neno, alinicheka. "Mzee, maji yamekukosea nini unapigana nayo hivyo? Wacha mabega. Sukuma kifua chini, kiuno kipande juu, miguu ipige mara mbili. Mikono itakuja yenyewe."

Nilimsikia, sikumtii. Nilijiona nina nguvu. Nilivuta kwa mabega, na kila nikipumua niliinua kichwa kama ngamia anayetazama mbali. Wiki baada ya wiki. Mpaka siku moja bega la kulia likalia ndani, ko!

Mwalimu alilishika, akaacha kucheka. "Hili bega lisibebe kitu miezi miwili. Umenisikia, mzee?"

Wiki hiyo hiyo Galgalo akanipigia simu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, maji ya kisima yameshuka, na watu hawatoshi. Kisima chetu ni kirefu, kimechimbwa kwa mkono. Wanaume husimama ndani kwenye vidato vya ukuta, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba. Akikosekana mmoja, ng'ombe wanangoja na kiu yao.

"Njoo," akasema. "Dunia umeitembea ya kutosha. Sasa simama na sisi."

Nilienda. Ningesemaje? Nchi imekauka, mizoga iko kando ya njia, halafu mwanaume mzima aseme ameumia akicheza kwa maji ya hoteli! Niliona aibu. Nikanyamaza.

Galgalo alisimama chini yangu. "Wewe mtu wa mjini, mikono laini kama ya bibi harusi!" alinitania, na kisima kizima kikacheka. Nikacheka nao. Ndoo ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Kila nilipoinua mkono juu ya kichwa ilikuwa kama kisu kinapita begani. Nilivumilia. Kisha mkono ukafa ghafla, kama si wangu, na ndoo iliyojaa ikaniponyoka.

Wimbo ukakatika.

Ilimpiga kaka yangu usoni. Jicho la kulia lilipotea siku ile. La kushoto linaona kivuli tu. Mtu aliyewajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, sasa anawajua kwa kuwapapasa!

Nilisema ndoo ilikuwa na utelezi. Watu wakaamini. Galgalo mwenyewe alinitetea mbele ya wazee: "Msimlaumu. Ameacha kazi yake kuja kutusaidia." Wallahi, afadhali angenilaani!

Miezi saba nilikaa na uongo huo. Ijumaa iliyopita nilienda kwake, nikamtolea salamu, nikaketi kando yake na kumwambia yote. Bwawa, kipepeo, bega, aibu.

Alinigeuzia uso.

"Ulikuwa umeumia tangu Isiolo?"

"Ndiyo, kaka."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema? Huko juu kwa birika la ng'ombe kuna kazi ya kunywesha. Hata mtu wa mkono mmoja anaiweza. Ungekaa huko. Mimi ningekucheka siku moja, basi."

Siku moja! Nilikimbia kicheko cha siku moja, na aliyelipia ni ndugu yangu kwa macho yake. Hakunifukuza. Aliniomba tu nimwongoze hadi msikitini, akaniwekea mkono begani tukaenda.

Wewe unayejifunza jambo ukubwani, mtii anayekufundisha, hata kama anakucheka. Na ukiumia, sema. Sema umeumia wapi, na ulikuwa ukifanya nini, hata kama ni upuuzi. Sema kabla hujasimama mahali ambapo mtu mwingine yuko chini yako.