Barua Niliyomwandikia Mwosha Chupa

Nilikwenda Minneapolis kusifiwa, nisiwafiche. Waandaaji wa mkutano mmoja wa historia ya kemia walitaka mtu wa Afrika aeleze jinsi ukemia ulivyogeuka kazi ya heshima kwetu. Mimi ni mjumbe wa kamati inayosajili wakemia Dar es Salaam, basi nikashona suti. Mke wangu aliniambia ninunue koti zito, nikampuuza.

Jumanne jioni, uwanja wa ndege. Novemba ile ya 2014 baridi ilinishika masikio nikamkumbuka mke wangu. Alinipokea Papa Furaha, Mkongo wa Bukavu, rafiki wa shemeji yangu, aliyekubali nilale kwake Brooklyn Center. Aliendesha gari taratibu juu ya barafu akinieleza kwamba Bukavu alikuwa akifundisha chimie, yaani kemia, chuoni, na sasa anaosha chupa katika maabara ya kiwanda cha rangi huko Plymouth. Nikamwonea huruma, ile huruma ya mtu aliyevaa tai.

Jumatano asubuhi, Bloomington. Mkutano ulikuwa hotelini, karibu na yale maduka makubwa ambayo watu huenda kutembea tu wasinunue kitu. Wazee kwa wazee, kila mmoja kadi shingoni kama mtoto wa chekechea anayeogopewa kupotea. Msemaji wa kwanza alitusimulia kuwa wakemia wa mwanzo Ulaya walikuwa wauza dawa na wapika sabuni. Walikutana vyumba vya nyuma ya maduka, wakaunguza nyusi zao, wakaonyeshana walichokiona, hatimaye wakaunda vyama. Kuingia chamani hukuulizwa cheti. Wanachama waliokujua kwa kazi yako walitia saini kwamba wanakujua, basi. Ukumbi ukapiga makofi kwa uchungu wa mapenzi, na wakati huohuo mlangoni mama mmoja aliyesahau kadi yake alikuwa anarudishwa.

Alhamisi mchana, zamu yangu. Nilijisifia daftari letu la usajili, mihuri yetu, na namna tunavyowachuja matapeli. Nikapata makofi yale ya kumsaidia mtu ashuke jukwaani. Bure kabisa! Mtu amesafiri nusu ya dunia na swali pekee aliloulizwa ni kama Dar kuna joto.

Jioni, Brooklyn Center. Mama Furaha alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Tulipomaliza kula, mumewe akakohoa.

"Ndugu, kwenu munasema mugeni siku ya tatu apewe jembe. Jembe lako ni barua."

Akanieleza. Kiwandani vipimo vya asidi vilikuwa vinatoka juu wiki nzima, na mafundi wenye makoti meupe wamebaki kulaumu mashine. Yeye, akiwa na brashi mkononi, aliwaambia chupa ya kostiki soda wanayopimia asidi imeachwa wazi, imenyonya hewa ya ukaa, imepungua nguvu, ndiyo maana wanamimina nyingi kupita kiasi na asidi inaonekana imezidi. Wakachanganya mpya, vipimo vikakaa sawa. Sasa bosi alikuwa tayari kumpandisha aingie maabara kupima, mradi mkemia aliyesajiliwa aandike kwamba huyu ni mkemia. Mwisho ulikuwa Ijumaa.

Mimi nikauliza, "Cheti kiko wapi?"

Mama Furaha aliweka bakuli chini. "Kiliungua na nyumba," akasema. "Tungebeba watoto ao makaratasi?"

Niliona aibu. Nikamhoji mumewe mpaka chai ikapoa, maswali yaleyale tunayowatesa nayo vijana wa Dar. Alijibu yote, na mawili akanisahihisha, kwa adabu.

Ijumaa asubuhi, mezani jikoni. Niliandika barua nzuri, nasema mwenyewe. Nikaeleza nilivyomhoji na nilivyoridhika. Nikapiga mhuri, maana sisi wanakamati hatusafiri bila mhuri, tungekufa njiani tusijulikane. Kisha mkono wangu, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, ukaongeza chini mstari tunaoweka katika kila barua ya kamati: "Cheti halisi cha mhusika sijakiona." Wala sikufikiri. Niliona hata nimeandika kitaalamu. Papa Furaha, asiyesoma Kiingereza vizuri, alinishukuru, akaenda kazini ameikumbatia bahasha.

Jumapili nilipanda ndege. Wiki iliyofuata, Dar, nikampigia simu kumpongeza. Akaniambia bosi alisoma mstari wa mwisho kwa sauti mbele ya wenzake, akasema hata mkemia kutoka kwenu hana uhakika, nafasi akampa mwingine. Hakunilaumu. Ningependa angenitukana.

Nikaandika barua ya pili siku hiyohiyo, bila ule mstari, mhuri mkubwa zaidi. Jibu likaja kutoka kiwandani kwamba mtu mmoja akitoa barua mbili zisizolingana, hakuna itakayoaminiwa.

Wenzangu wa kamati wananiuliza nimejifunza nini Marekani. Nimejifunza kwamba wale wapika sabuni wangekuja kwetu leo, tungewarudisha wote, na mimi ndiye ningeandika barua. Nilimpigia Papa Furaha kumwambia najaribu ya tatu.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Usiandike tena. Utanifukuzisha hata kwa kuosha."