Gharama ya Kumgeuza Mama

Kazi yangu ni kugeuza mtu. Kila baada ya saa mbili namgeuza Bibi, katika nyumba moja ya mtaa wa Rashidiya, Dubai: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, mto mdogo chini ya visigino. Mzee akilala upande mmoja muda mrefu mno, ngozi yake huoza angali hai. Bibi ni wa familia ya Unguja iliyohamia huku zamani, ndiyo maana bintiye, ninayemwita madam, alitafuta mtu wa Kiswahili. Alikuwa amezunguka kuulizia bei za makao ya wazee ya hapa Dubai, akarudi ameshika kichwa, akaniajiri mimi. Nilikuwa rahisi. Sikununa, kwa sababu nami nilikuwa na hesabu yangu.

Hesabu yangu ilikuwa Mama. Kiharusi kilimchukua mkono mmoja na mguu mmoja, na mimi niko huku. Tukakubaliana na mdogo wangu, kitindamimba wa nyumbani, kwamba apelekwe kwenye makao ya wazee mjini kwetu Kenya. Mdogo wangu akaenda kuuliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba bei ya makao si moja. Ile unayotajiwa kwenye simu ni ya kitanda, chakula na kufuliwa nguo, yaani ya mzee anayejiweza. Akihitaji mtu wa kumwogesha, anapanda daraja. Akihitaji kulishwa na kugeuzwa, anapanda tena, na nepi mnanunua wenyewe. Nikasema apewe daraja la tatu, basi. Lilikula nusu ya mshahara wangu. Niliacha hata kununua chai ya karak.

Pesa nilimtumia mdogo wangu akalipe, kwa kuwa yeye ndiye aliyetia sahihi na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Pia kwa kuwa ni ndugu yangu. Ujinga una sababu zake.

Kila Jumapili alinipigia simu ya video akiwa na Mama. Mama amefungwa kitambaa kizuri, amepakwa mafuta usoni, anacheka. Mimi ninayembadilisha Bibi gauni na kumfukiza udi kila mwanawe wa ng'ambo anapotaka kumwona kwenye simu, mimi mwenyewe sikushtuka. Nilimtazama Mama kuanzia kifuani kwenda juu, nikaridhika. Mtu wa kazi hii alipaswa kuomba aonyeshwe visigino.

Jumapili moja mdogo wangu hakufika, na msichana wa zamu ndiye aliyeshika simu. Sijui ni nini kilichonituma, nikamwomba afunue miguu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeiva, ngozi imeanza kufunguka.

"Nani anamgeuza?" niliuliza.

"Shosho hageuzwangi, auntie. Yeye ni wa daraja la kwanza. Anajifanyia."

Mkono mmoja, mguu mmoja, anajifanyia! Nikamwomba anipigie picha fomu aliyojaziwa Mama siku ya kupokelewa. Anakula mwenyewe? Ndiyo. Anaoga mwenyewe? Ndiyo. Anageuka kitandani mwenyewe? Ndiyo. Kila ndiyo imeshusha bei, na chini kabisa iko sahihi ya mdogo wangu, imejaa mikia kama ya waziri.

Nilimpigia hapohapo.

"Dada, tulia kwanza," alisema. "Hiyo pesa haijapotea. Iko kwa ploti."

"Ploti ya nani?"

"Si ni yetu sisi wote."

"Hati ina jina la nani?"

Akaanza kuniuliza kama joto la Dubai limepungua. Nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa, nikakata simu.

Saa ya kumgeuza Bibi ilikuwa imepita. Nikamgeuza, machozi yakimdondokea mgongoni.

"Walia nini, mwanangu?" akauliza.

"Kitunguu, Bibi."

"Kitunguu chumbani mwangu?" akasema, kisha akaniacha na kitunguu changu.

Alasiri ileile nilimpigia Mama. Nilitaka kumpa pole. Nilitaka tulie pamoja, tumlaani kidogo yule kijana, halafu nitengeneze mambo. Msichana akamshikia simu, nikamweleza jinsi tulivyoibiwa sote wawili.

"Usimgombeze," Mama akasema. "Mimi ndiye nilimwambia. Matroni wa hapa alipokuja na yale maswali yake, nilishika kitanda nikasimama. Nikamwambia yote naweza."

"Kwa nini, Mama?"

"Kijana ataoa aje bila mahali pa kuweka mke? Angetoa wapi?"

"Na mimi je?"

"Wewe si uko Dubai."

Wizi wa mdogo wangu una jina, na mwizi unaweza kumchukia ukapumzika. Lakini Mama alichukua jasho langu, akalilipia kwa kidonda chake mwenyewe, akampa yeye, na hakuona kama amenikosea. Alisema Dubai kana kwamba ni mume mwenye mali aliyenioa.

Hata hivyo kidonda hakingojei hasira ziishe. Nilimwandikia matroni kwamba kuanzia sasa nitalipa mwenyewe, moja kwa moja, daraja la tatu. Akanijibu kwa adabu kwamba mzee hapandishwi daraja bila kupimwa upya, na mwenye akili timamu husikilizwa yeye, si watoto wake. Watampima kesho asubuhi. Nikampigia Mama tena.

"Kesho wakikwambia usimame, usisimame," nilimsihi. "Tafadhali, Mama. Sema ukweli tu. Pesa ninayo, hainiumizi." Hilo la mwisho lilikuwa uongo.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Ujumbe wa matroni uliingia siku iliyofuata, saa tano za huku, nikiwa nimemshika Bibi ubavu. Nikamlaza kwanza, nikaweka mto, ndipo nikausoma.

"Amesimama, tena ameachilia kitanda. Anasema hiyo pesa ya ziada umtumie kijana."