Aliyeibeba kompyuta ya Paska anajua alichobeba

Mnisamehe, wapendwa. Wengi mlisubiri niandike neno kuhusu Paskalina na mimi nikakaa kimya. Mwanangu mdogo, anayemfuata Neema, anaota meno, silali, na kila nikishika simu machozi yanatangulia. Lakini kuna sababu nyingine. Nilikuwa nawatazama watu. Sasa nimetazama vya kutosha.

Kichwa changu bado hakijakubali kwamba ametutoka. Paska wetu, fundi wa hapa hapa Karatu, aliyeanza na kikohozi tukadhani ni vumbi la mbao tu. Jamani!

Kwa msiomjua: ndiye aliyetengeneza ile mashine ya kuchonga mbao inayojiendesha yenyewe. Fremu ya chuma chakavu, mota tatu, na kila mota ina kibao chake cha umeme, sisi tulikiita dereva. Kompyuta kuukuu inatuma ishara, dereva anapokea, mota inasogea. Mimi nilianza kwa kupiga msasa na kupaka vanishi, baadaye akanifundisha yote.

Vile vibao vya majina ya kambi mnavyovipita mkielekea geti la Ngorongoro, baadhi vimetoka kwenye kibanda chetu.

Siku ya kwanza alipoiwasha, twiga wa mbao alitoka mfupi kama mbuzi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. "Mama Neema, twiga hana kosa. Kompyuta inasema mota imefika, na mota haijafika. Kuna mmoja hapa ananidanganya."

Ndivyo alivyokuwa. Haamini waya mpaka aupime. Jirani akiwasha mashine ya kusaga, Paska anasimamisha kazi, order isubiri, maana umeme ukiyumba mota zinaruka hatua.

Mota zile zikifanya kazi zinaimba, kama mtu anayepigia mluzi puani. Basi mtaani wakasema tunachapa noti bandia! Mwenyekiti wa kitongoji akaja mwenyewe, akachungulia mpaka chini ya meza. Paska akampa shikamoo, akamchongea jina lake kwenye ubao wa mgrevilia. Mzee akalipapasa, akauliza kwa sauti ya chini, "Na sura ya mtu, kama ile ya kwenye noti, inaweza?"

Paska akamwambia, "Mzee wangu, hapo unataka kunifunga au unataka kuwa mbia?"

Mzee alicheka mpaka akasahau kofia yake.

Sasa nifike panaponiuma.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu waligawana vitu vyake kama desturi ilivyo. Blanketi kwa shangazi yake, sufuria kwa wadogo zake, viatu vikapelekwa kwa binamu huko Baray. Sikupinga hata kimoja. Ilipofika zamu ya mashine, mama yake akasema mbele ya wote, "Hii ni ya mama Neema. Ndiye alikuwa anashika huku, mwanangu anashika kule." Nikashukuru, nikaenda kunyonyesha.

Kesho yake nafungua kibanda. Fremu ipo, mota zipo. Kompyuta hakuna.

Nikamuuliza shangazi. "Lile dude la njano? Mwanangu, si lilikuwa bovu? Labda wamelitupa."

Haya, tuseme wamelitupa. Lakini nani anabeba kompyuta kuukuu na kuiacha laptop nzuri pembeni yake? Mtu asiyejua angebeba laptop. Ila laptop haina lile tundu pana la printa za zamani, na madereva wetu wanasikiliza tundu hilo tu. Aliyebeba alijua.

Tena waya wake hakuung'oa kwa nguvu. Alilegeza skrubu zake taratibu, akaondoka nao. Na karatasi tulizobandika kwenye nyaya za mota, X, Y na Z, tujue waya upi ni wa mota ipi, zimebanduliwa zote. Shangazi wa watu hata hajui hizo herufi ni za nini.

Kuna kaka mmoja alikuja msibani. Simtaji. Ana karakana yake ya vibao, na alishawahi kumwomba Paska amuuzie mashine, akakataliwa. Nilikuwa nagawa chakula, akaniinamia na sahani yake. "Pole sana dada yangu. Hivi, ile mashine inatumia programu gani?"

Nikamwambia, "Kaka, ongeza wali."

Nani anauliza programu msibani?

Labda namwonea. Paska angeniambia nipime kwanza kabla ya kusema waya umekatika. Ndiyo maana sijaenda polisi. Lakini settings zote, za kila mota, zimo kwenye kompyuta ile, na michoro yetu yote. Nyingine kama hiyo nimeulizia hadi Arusha, wananicheka. Bila hiyo nimebaki na kitanda cha chuma, na wanangu wanakula kwa mashine hii. Sina kazi nyingine.

Paska, dada yangu, pumzika. Usihangaike tena na umeme wala na watu. Hili lililobaki niachie, nitalifuata mpaka mwisho wake. Usingizi wako uwe mwema.

Na wewe uliye nayo, najua unasoma hapa, maana picha za msiba uli-like zote. Sitakuuliza kitu. Iache kwa mama yake, au mpe bodaboda yeyote, umwambie ni mzigo wa mama Neema. Ninachohitaji ni kompyuta yenyewe, usifute chochote ndani. Waya wake mpana. Dereva wa mota ya juu, maana na huyo nimekuta hayupo. Na koti lake la kazi la bluu, lile alilokuwa anaifunikia kompyuta isiingie vumbi. Hilo lirudi bila kufuliwa.