Kisu Nilichokisugua

Kisu cha kwanza cha Kiafghani nilichonunua Toronto nilikiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa limau na majivu ya jiko la kuchomea nyama. Nilikulia kwenye nyumba ambayo sufuria lisilong'aa lilikuwa aibu ya ukoo, na shahada mbili hazikuniondolea imani hiyo. Nilisugua hadi nikauona uso wangu kwenye chuma, kisha nikampelekea aliyeniuzia akione, anisifu.

Alikuwa mzee wa Kiafghani mwenye meza kwenye soko la Jumapili la vitu vya kale. Alikigeuza mara moja tu.

"Umekichuna ngozi. Ule weusi ndio uliokuwa umri wake."

Nyuma yake kilining'inia kisu kirefu chenye mpini wa mfupa. Nikakiulizia.

"Hicho siuzi kwa mtu atakayekiogesha. Jifunze kwanza kuangalia."

Basi nikajifunza. Majira yote ya baridi, kila Jumapili, nilipanda mabasi mawili kutoka kwangu Mount Dennis. Kutu ya zamani ni nyeusi, laini, imeng'ang'ania. Ya tindikali, ya kughushi umri, ina rangi ya chungwa na hubaki kidoleni. Chuma kilichonolewa miaka mingi hupungua upande wa makali. Mpini uliotumika hulika pale kidole gumba kinapokaa.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia nikivaa buti, "humu ndani hakuna kisu kinachokata hata kitunguu, nawe unakwenda kusomea kutu?"

Nilikwenda.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mzee alikishusha kile kirefu na kukiweka mbele yangu. "Sema."

Nilitamani kukisifu tu nikichukue. Nikakishika muda mrefu.

"Chuma ni cha zamani, makali yamelika kwa kunolewa. Lakini mpini si wake. Kidole gumba hakijaacha alama yoyote."

Alipitisha kidole gumba chake juu ya mpini.

"Wa kwanza ulipasuka safarini kuja huku," alisema. "Huu niliuchonga mimi. Wateja wote huniambia ni mzuri." Akaanza kukifunga kwa gazeti. "Na limau?"

"La samaki, mzee."

Nyumbani mke wangu alikifungua, akakunja pua. "Mbona kichafu hivi?" Akafungua bomba.

Nikasimama kati yake na sinki, mikono nimeitanua kama golikipa.