Nilinunua Mashine ya Ndevu Nisimpe Tena Kabeya Shingo Yangu

Kosa ni langu. Sitawasingizia wakubwa wa siasa, sitausingizia wakati, wala yule mama wa sokoni aliyeniuzia kile kidude. Mikono iliyokichagua ni hii hii inayoandika. Jina langu msiliweke, nawaomba, maana hapa Likasi bado kuna watu wanaonisalimia.

Haya, sikilizeni.

Miaka ya tisini ilipoanza kuharibika, nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba huko Shituru. Nilikaa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, na ukuta wangu mmoja ulikuwa pia ukuta wa jirani yangu, mfanyakazi wa reli. Nitamwita Kabeya. Si jina lake, lakini akisoma atajijua. Baba yake alitoka Kasai, jimbo la mbali, zamani kuja kufanya kazi ya reli, akaoa mwanamke wa huku huku kwetu. Kabeya kazaliwa Likasi, kakulia Likasi, hata lugha ya baba yake aliisema kwa kuvunjavunja. Tulicheza sote, siku moja tukafukuzwa shule sote kwa kosa lile lile. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu, na mwingine sikuwa naye.

Kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita hapa, tulinyoana ndevu.

Kabeya alikuwa na wembe wa kukunja wa marehemu baba yake, ule unaonolewa kwenye mkanda. Wembe ule ukijaribu kujinyoa mwenyewe utajichinja! Kwa hiyo yeye ananinyoa, kisha tunabadilishana kiti, mimi namnyoa. Kiti kinawekwa uani, mke wake anapasha maji, na mama yake mzee, tuliyemwita Nkambo, yaani Bibi, kakaa kizingitini anatucheka.

“Weye, shingo yako njo ya kuku!” ananiambia. “Kabeya, umunyoe muzuri, halafu akuye kula bukari.”

Nimekula bukari ya yule mama, yaani ugali wake, tangu sijaota jino la pili. Mama yangu mzazi alipofariki, Nkambo hakuuliza mtu, aliongeza sahani tu.

Na kiti kile, jamani! Mtu aliyeinamisha kichwa, sabuni mashavuni, hana haya. Mambo ambayo wanaume hawaambiani uso kwa uso, sisi tuliambiana pale. Pale ndipo nilipomwambia kwamba mshahara umekatika na mke wangu bado hajui. Pale ndipo aliponiambia kwamba mimba ya mkewe imetoka. Siku nyingine tulikuwa tunasalimiana tu. Neno zito lilingoja siku ya posho.

Halafu maneno yakaanza kuzunguka. Watu wa Kasai waende kwao! Wamekula kazi zetu! Watu niliokula nao sahani moja wakaitwa wadudu barabarani, na mimi nikapita nikiangalia viatu vyangu.

Siku moja kiwandani, tumekaa bila kazi maana mashine zilikuwa zimesimama, mwenzangu mmoja akanigeukia mbele ya wote.

“Eh, mon vieux, ni kweli Mukasai njo anakunyoaka? Na wembe? Unamupatia shingo yako?”

Wakacheka. Mwingine akapitisha kidole kooni. “Siku moja anavuta mukono kidogo tu, kwisha!”

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Niliwaona wakinitazama kama nitacheka, nikacheka kuliko wote.

Mnielewe vizuri. Kabeya sikumwogopa hata kidogo. Niliogopa kuonekana nimekaa kwenye kiti chake. Kambini vijana walikuwa wanapita wanahesabu nani ni rafiki ya nani, na uani kwetu hakukuwa na ukuta wa kujificha. Nikajiambia, kama nina mashine yangu ya kunyolea, sitahitaji kiti cha mtu. Nitakuwa mwanaume wa kujitegemea. Uongo huo niliupenda sana.

Nikaenda sokoni. Wakati ule soko lilijaa vitu vya nyumba za watu: masahani, mapazia, saa za ukutani, hata vitasa vya milango. Mama mmoja alikuwa ametandika kitambaa na mashine tatu za ndevu juu yake. Nikachuchumaa. Sikuwahi kushika mashine ya namna hiyo maisha yangu yote.

Ya kwanza ilikuwa ya bati, nyepesi, wembe unachezacheza ndani. Ya pili ilikuwa na meno kama kitana. “Hii ya meno ni ya muntu ya kuzoea,” yule mama akasema. “Weye utajikata sura yote.” Ya tatu, eh! Nzito, inang'aa. Unazungusha mkia wake chini, milango miwili inafunguka juu, unalaza wembe ndani, unazungusha tena, milango inafunga. Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena.

“Papa, chukua hii,” akaniambia. “Wembe inajificha, haikatake muntu. Na hauna tena lazima ya muntu wa kukunyoa. Weye na kioo yako, basi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuzia. Nililipa kwa unga wa watoto wangu, na nyumbani mke wangu hakusema nami mpaka kesho yake. Lakini mimi niliiweka mfukoni, narudi nyumbani njia nzima naipapasa.

Siku ya posho ikafika. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikatundika kioo dirishani, nikajipaka sabuni. Huko nje nikasikia miguu ya kiti ikiburutwa uani. Nikaanza kunyoa haraka, nakandamiza kama mtu anayesugua sufuria, nikajikata chini ya taya.

“Mukubwa!” Kabeya akaita. “Maji iko tayari!”

Nikaendelea kunyoa.

“Mukubwa! Uko umo?”

Nikabandika kipande cha karatasi kwenye damu, nikatoka. Siku ile ilikuwa zamu yake kunyolewa kwanza. Alikuwa amekwisha kukaa, povu la sabuni limemjaa usoni, wembe wa baba yake uko juu ya goti unaningoja. Akaniangalia mashavu. Akaiangalia ile karatasi.

“Umejinyoa.”

“Nilipata mashine.”

“Iko muzuri?”

“Iko muzuri.”

“Bon.” Akaukunja wembe wa baba yake. “Usiikandamizake. Uzito yake yenyewe inatosha.”

Hata pale alikuwa ananifundisha! Nikamwambia nina kazi ya haraka, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Kupitia dirishani nilimwona amebaki kwenye kile kiti, kisha akainua pindo la shati lake akafuta povu. Nkambo alikuwa kizingitini. Siku hiyo hakucheka.

Wiki ile ile wale vijana walianza kuingia nyumba kwa nyumba kuwatoa watu wa Kasai. Nami nikafanya nini? Nikaenda Kambove kwa kaka yangu! Nikasema naenda kuangalia kama kuna kazi ya kuchimba. Nilikaa huko, nakula, nalala, najinyoa kila asubuhi kwa mashine yangu nzuri, mpaka nikaona hata kaka yangu amenichoka.

Niliporudi, nyumba ya Kabeya haikuwa na mlango. Walikuwa wameung'oa na kwenda nao.

“Wako ku gare,” mke wangu akaniambia. “Bote. Wanangoja treni.”

Yeye kila siku alikuwa anawapelekea bukari na sombe ya majani ya muhogo kwenye beseni, kichwani, mbele ya watu wote. Mwanamke! Na mimi mwanaume nilikuwa Kambove.

“Wanasema nini?” nikamuuliza.

“Habari ya kule utaenda kuchukua mwenyewe. Miguu uko nayo.”

Nikazungukazunguka nyumbani mpaka siku ya posho. Nikajaza thermos maji ya moto, nikachukua sabuni, nikachukua mashine yangu. Nilikuwa na mpango, mjinga mimi. Nitamkalisha, nitamnyoa kwa mashine mpya, yatakwisha bila mtu kusema neno.

Stesheni, ndugu zangu, sina maneno. Watu chini, magodoro yaliyolowa, masufuria, masanduku, matandiko yamefungwa kwa kamba, maturubai yamevuja. Treni inakuja ikipenda. Nilitafuta mpaka nikamwona, amekaa juu ya gunia, na ndevu zimemjaa uso mzima. Sikuwahi kumwona na ndevu. Nikajilazimisha kucheka.

“Kabeya! Ndevu gani hizi? Kaa muzuri, nikunyoe!”

Akaiangalia ile thermos.

“Minye niko mu kilio,” akasema.

Kila mtu kwetu anajua. Mwanaume aliyefiwa hanyoi mpaka watu wake wamwondolee kilio. Thermos ilikuwa mkononi, nikawa sijui niiweke wapi. Nikaona mke wake. Nikaona watoto. Nikaona kitenge cha Nkambo kimetandikwa juu ya masanduku, na Nkambo mwenyewe sikumwona.

“Mama?” nikauliza.

“Mvua ilimupiga. Halafu tumbo. Tulimuzika kule nyuma.”

Nilikaa chini kwenye matope. Kabeya hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema polepole tu, kama anavyosema mtu aliyechoka.

“Ile siku ya posho nilikuwa na neno moja. Nilitaka kukuomba umuchunge mama kwako. Yeye ni muntu ya huku, hakuna mwenye angemugusa. Nikasema nitamuambia ku kiti.”

“Juu ya nini haukuniambia tu? Hata ku mulango?”

“Ulifunga.”

Mama wee! Nililia pale mbele ya watu nisiowajua, nalia kama mtoto. Chumba kimoja! Godoro moja pembeni! Yule mama angelala kwangu, angenicheka shingo yangu mpaka leo. Neno lilikuwa limekaa mdomoni mwa rafiki yangu, chini ya povu la sabuni, na mimi nilikwenda kujificha na kioo.

Nilipotulia, Kabeya akasimama, akanipisha kwenye gunia.

“Kaa. Geuka.”

“Kufanya nini?”

“Nyuma yako imekuwa pori. Ile mashine yako haifikake huku.”

Kweli, kisogo changu kilikuwa na nywele za wiki nyingi, sikuwa na mtu wa kukiangalia. Akatoa mfukoni wembe wa baba yake. Kila kitu walichukuliwa, wembe ule alibaki nao. Akamimina maji ya thermos yangu, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto kama siku zote, akaniinamisha. Watu wote pale wakawa wanatazama: mtu aliyefukuzwa kwake, na wembe, na shingo yangu.

Nikamwambia, nimeinama vile vile, “Kabeya, na minye usininyoe. Nkambo alikuwa mama yangu. Acha na minye nikae na ndevu, nikae mu kilio.”

Mkono wake ukasimama. Nilisikia ubaridi wa wembe kwenye ngozi, nikatamani auvute kama walivyosema wale wa kiwandani.

“Hapana,” akasema. “Weye hauko mu kilio yetu.”

Akaendelea kunyoa. Alininyoa vizuri, hakunikwaruza hata mahali pamoja. Akafuta wembe kwenye suruali, akaukunja, akaniambia niende kabla ya mvua. Treni yao iliondoka wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo sijamwona, sijamsikia, na wote niliowauliza wananiambia Kasai ni kubwa.

Mimi nilikataa neno lake. Nikaacha ndevu ziote. Kiwandani wakaniuliza, “Nani alikufa kwenu?” Na mimi, aka! Hata hapo, baada ya yote hayo, nikajibu, “Hakuna mtu. Wembe zimenikwishia.” Sikuweza kusema mama yangu amekufa, kwa sababu wangeuliza mama yupi.

Na kilio mtu hajiondolei mwenyewe. Watu wako ndio wanakukalisha, wanakunyoa, wanakula nawe, kinakwisha. Mimi nilikaa na ndevu zangu, nangoja, sijui nangoja nani. Asubuhi moja mke wangu akaweka maji ya moto mezani, akatoka. Nikajinyoa mwenyewe kwenye kioo. Hakuna aliyekuja kula.

Mashine ninayo mpaka leo. Sitasema uongo, ni nzuri, nilichagua vizuri, uso wangu unabaki laini. Kisogo nanyolewa na vijana wa barabarani, leo huyu, kesho yule. Nainamisha kichwa, nangoja mtu aniambie neno, na kijana ananiambia, “Tayari, papa.”

Wewe unayenisoma, labda yuko mtu mmoja anayekushika kichwa na wembe na wewe unafumba macho. Siku watakapokucheka kwa ajili yake, nawe utasikia woga, sikukatazi kuogopa. Ogopa, lakini toka nje. Kaa kwenye kile kiti, uani, mchana, wote wakuone.